Somo: Mtandao wa mtaa uendelee baada ya mfadhili kuondoka

Mtandao wa jamii, yaani intaneti ya mtaa inayoendeshwa na wakazi wenyewe, ukifa, mara nyingi antena bado ziko juu ya paa. Kilichokosekana ni pesa ya bili na ya betri mpya. Somo hili ni la walio na mtandao tayari, katika mitaa kama Kibera, Nairobi, ambako mtandao wa jamii wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza, bei baadaye. Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme bili ya intaneti ni shilingi 15,000 kwa mwezi, stima 2,000, posho ya mafundi 4,500. Wengi huishia hapo. Lakini vifaa vya 120,000 vikidumu miaka minne, vinakula 2,500 kila mwezi, na pesa hiyo lazima iwekwe kando tangu mwezi wa kwanza. Jumla ni 24,000. Gawa kwa wanaolipa kweli, si kwa wote waliounganishwa: walipaji 30 ni 800 kila mmoja.

Hatua ya 2: Akaunti ya kikundi, watia sahihi watatu. Mweka hazina asome daftari mbele ya wanachama kila mwezi, hata wakija wanne tu.

Hatua ya 3: Mafundi wasipungue wawili. Akiwa mmoja, siku akipata ajira kwingine anaondoka na nywila zote kichwani. Ziandikwe, pamoja na ramani ya paa zenye vifaa.

Hatua ya 4: Leseni. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina leseni maalumu ya mitandao ya jamii. Ichukueni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asiyeweza 800 afanyeje?*
Muuzieni kwa siku au kwa saa. Tafuteni pia kipato cha pembeni: ushirika wa Zenzeleni, kijijini Mankosi, Afrika Kusini, ulitoza ada ya kuchaji simu kwa umeme wa jua.

*Mmoja analipa, ploti nzima inatumia nywila yake.*
Msigombane naye. Wekeni kikomo cha kasi kwa kila muunganisho. Jirani akichoka na kasi ndogo atakuja kujiandikisha.

*Mwenye nyumba ameanza kudai kodi ya mlingoti.*
Mpeni intaneti bure badala ya kodi, na muandikiane mkataba wa ukurasa mmoja, mashahidi wakiwepo. Akikataa, hamisheni mlingoti mapema, kabla hajaukata waya.