Kumchagulia Mchawi Mbari katika Dungeons & Dragons

Kabla hujaandika chochote kwenye karatasi ya mhusika wako katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika, muulize msimamizi wa mchezo meza yenu inafuata kanuni za mwaka gani. Ushauri mwingi kuhusu mbari za wachawi unagongana kwa sababu hiyo tu. Mmoja anasoma kitabu cha wachezaji cha 2014, ambamo kila mbari ina nyongeza zake za sifa (Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima na Haiba) zilizokwisha pangwa. Mwingine anatumia kitabu cha ziada cha 2020, Tasha's Cauldron of Everything, kinachokuruhusu kuzihamisha nyongeza hizo kwenye sifa unazotaka. Wa tatu ana kitabu cha 2024, ambamo mbari imeitwa spishi na haitoi nyongeza ya sifa hata moja, maana nyongeza zimehamia kwenye usuli wa mhusika, yaani maisha yake ya kabla ya safari. Dwafu wa milimani ni chaguo la wastani kwa wa kwanza, ni miongoni mwa machaguo bora kabisa kwa wa pili, na kwa wa tatu hayupo.

Hapa tunamfuata mchawi wa kitabu (wizard), yule anayetegemea Akili. Dadu yake ya uhai ni ya pande 6 na hana ruhusa ya vazi lolote la vita, kwa hiyo mbari mbaya humuumiza upesi kuliko inavyomuumiza kasisi.

Hesabu ya Akili

Adui anayekwepa sihiri yako hurusha dadu ya pande 20 kujinusuru, na kizingiti anachopaswa kukifikia ni 8, jumlisha nyongeza yako ya umahiri (2 katika ngazi ya 1), jumlisha nyongeza ya Akili. Akili 14 au 15 inatoa +2. 16 au 17 inatoa +3. Namba witiri hailipi kitu mpaka ijazwe.

Sasa tazama: ukinunua Akili 15, mbari yenye +1 inakufikisha 16 na yenye +2 inakufikisha 17. Kizingiti ni 13 kwa wote wawili. Ndiyo maana kuikimbilia +2 pekee ni kujidanganya. Pengo lipo kati ya kupata nyongeza na kuikosa kabisa: anayebaki na 15 ana kizingiti 12, yaani adui anaponyoka kwa asilimia 5 zaidi kila anaporusha dadu. Hiyo 17 inaanza kulipa ngazi ya 4, ukichukua kipaji (uwezo maalumu wa ziada) kinachokuja na +1 ya Akili: unafika 18 na kipaji mkononi, wakati mwenye 16 anatumia fursa yake yote kufika palepale.

Kwa mfumo wa kununua sifa kwa pointi 27, elfi wa juu wa 2014 (Wepesi +2, Akili +1) anakaa vizuri hivi: Akili 15 kwa pointi 9, Wepesi 14 kwa 7, Ustahimilivu 14 kwa 7, Hekima 12 kwa 4, Nguvu na Haiba 8 bila malipo. Anaanza na Akili 16, Wepesi 16, Ustahimilivu 14.

Ukinakili mgawo huohuo kwa nomu wa msituni (Akili +2, Wepesi +1), unapata Akili 17 na Wepesi 15, na pointi moja ya Wepesi imelala. Geuza: Wepesi 15, Akili 14. Baada ya nyongeza unapata 16 na 16, sawasawa na elfi, kwa bei ileile. Kosa hili la kunakili mgawo wa mbari nyingine ni la kawaida mno, na halionekani mpaka mtu akae apige hesabu. Maliza kwenye namba shufwa kila mahali, isipokuwa ile moja utakayoijaza ngazi ya 4.

Tundu gani unaziba?

Akili ikishafika 16, acha kuifikiria. Kuanzia hapo mbari ichaguliwe kwa kile ambacho fani yako, yaani kazi ya mhusika, haiwezi kukupa. Mchawi huangushwa kwa njia tatu: anapigwa, anapoteza umakini wa sihiri anayoishikilia, au akili yake inatekwa.

Tuanze na kupigwa. Sihiri ya Mage Armor inampa kinga (namba ambayo adui lazima aifikie ili ampige) ya 13 jumlisha nyongeza ya Wepesi kwa saa 8, lakini inakula nafasi moja ya sihiri, yaani moja ya zile chache unazoweza kutumia kabla ya kupumzika, na ngazi ya 1 una nafasi mbili tu. Elfi mwenye Wepesi 16 anapata kinga 16 kwa kulipa nusu ya uwezo wake wa siku. Dwafu wa milimani ana ruhusa ya mavazi mepesi na ya kati tangu kuzaliwa: vazi la magamba (sarafu 50 za dhahabu) pamoja na Wepesi 14 linampa 16 bila kutumia nafasi yoyote, na vazi la nusu-bamba (sarafu 750) linampa 17. Yote mawili yanamharibia kunyatia, na ngao hana ruhusa nayo. Katika kanuni tupu za 2014 anayalipia kwa Akili, kwani nyongeza zake ni Nguvu +2 na Ustahimilivu +2. Ukiruhusiwa kanuni za 2020, ile +2 ya Nguvu unaipeleka kwenye Akili: 17, Ustahimilivu 16, na vazi juu yake. Hapo ni vigumu kumshinda.

Angalizo la mfukoni: mchawi akikataa vifaa vya kuanzia na kuchukua dhahabu, wastani ni sarafu 100. Kitabu cha sihiri ni 50, vazi la magamba 50, na hujapata hata mkoba wa viambato. Afadhali uchukue vifaa vya kawaida na vazi ulisubiri kwenye safari ya kwanza. Na usivae vazi ambalo huna ruhusa nalo. Hutaweza kutoa sihiri hata moja.

Umakini ndio watu huusahau. Ukijeruhiwa ukiwa umeshikilia sihiri, unajinusuru kwa Ustahimilivu dhidi ya 10 au nusu ya jeraha, ipi kubwa. Ukiwa na Ustahimilivu 14 unafaulu dhidi ya 10 kwa asilimia 65. Ukiwa na 16, asilimia 70. Binadamu wa toleo mbadala la 2014 anapata kipaji ngazi ya 1, na akichukua War Caster anarusha dadu mbili na kushika kubwa: asilimia 65 inakuwa takriban 88. Haoni gizani, ni kweli, lakini sihiri ndogo ya Light inamaliza shida hiyo na haili nafasi ya sihiri. Kama mtindo wako ni kuzuia na kufunga uwanja kwa sihiri za umakini, binadamu huyu anawazidi wengi.

Kutekwa akili ni eneo la nomu. Kanuni za 2014 zinampa dadu mbili kila anapojinusuru kwa Akili, Hekima au Haiba dhidi ya uchawi. Za 2024 zimeondoa hata sharti la uchawi. Gharama yake katika kitabu cha 2014 ni mwendo wa futi 25 badala ya 30, na hilo linauma siku unapomkimbia mtu. Elfi analindwa zaidi dhidi ya kurogwa apende, na hawezi kulazwa kwa uchawi.

Vinavyong'aa bila faida

Tiflingi wa 2014 anawavuta wengi kwa sihiri zake za kuzaliwa. Ila sihiri hizo zinategemea Haiba. Mchawi aliyenunua Haiba 8 anafika 10 tu kwa +2 ya mbari, na atatoa Hellish Rebuke, sihiri ya kulipiza kwa moto, yenye kizingiti 10, ambacho adui wengi hukivuka. Chukua tiflingi kwa ajili ya kustahimili moto na +1 ya Akili; sihiri zihesabu kama bakshishi. (Mwaka 2024 unachagua mwenyewe sifa ya kutumia, na mtego huu umeondoka.)

Bahati ya hafulingi inarudisha dadu iliyotua kwenye 1. Mchawi wa kitabu mara nyingi huwalazimisha wengine warushe dadu, kwa hiyo anaitumia kidogo kuliko anayeshambulia kila zamu. Pumzi ya uzao wa joka inafuata Ustahimilivu na inakula tendo lako zima, wakati ambao ungeweza kutoa sihiri. Mbari zinazoruka tangu ngazi ya 1 ni kali kweli, na kwa sababu hiyohiyo wasimamizi wengi huzikataa. Omba ruhusa kabla ya kuandika jina.

Kama mnacheza na kanuni za bure za toleo la 5.1, zilizotolewa kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023, fahamu kwamba humo hamna nomu wa msituni, dwafu wa milimani, wala binadamu wa toleo mbadala. Kuna elfi wa juu na nomu wa miambani (Akili +2, Ustahimilivu +1), na wote wawili wanatosha kabisa.

Ukitumia 2024

Nyongeza zichukue kwenye usuli. Usuli wa Sage unatoa kwa Ustahimilivu, Akili na Hekima, pamoja na kipaji cha Magic Initiate: sihiri ndogo mbili na sihiri moja ya ngazi ya 1. Akili 15 iwe 17, Ustahimilivu 13 iwe 14, kisha nunua Wepesi 14 kwa pointi zako mwenyewe kwa kuwa Sage hauugusi. Spishi sasa inapimwa kwa uwezo wake peke yake. Elfi wa juu anapata Misty Step, sihiri ya kujihamisha papo hapo, ngazi ya 5, mara moja bure kati ya mapumziko marefu, nayo ndiyo njia safi ya kutoka mikononi mwa adui. Dwafu anaongezewa pointi moja ya uhai kila ngazi. Binadamu anapata kipaji cha pili cha mwanzo. Akichukua Tough, kinampa pointi 2 za uhai kila ngazi. Wengi hapa hupanga War Caster kwa mazoea ya zamani na kukwama: sasa kinahitaji ngazi ya 4.

Kwa fani nyingine, jiulize swali lilelile la tundu. Kasisi tayari ana vazi la kati, kwa hiyo dwafu wa milimani hamwongezei vazi. Wa vilimani, mwenye Hekima +1 na pointi ya uhai kila ngazi, anamfaa zaidi. Malenga na wenye uchawi wa damu wanategemea Haiba, na nusu-elfi wa 2014 anawapa +2 humo, +1 kwenye sifa mbili wazitakazo, na stadi mbili.