Kutoka simu hadi fremu ya A4: hesabu pikseli kwanza

Mwongozo huu ni kwa wenye studio na stesheneri wa Mwanga, Ujiji na kwingineko Kigoma wanaosafisha picha za wateja kwa printa ya wino.

1. Dai faili la asili. Picha ya pikseli (vitone vinavyounda picha) 4000 kwa 3000 ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, ikafika na takriban 1600 kwa 1200. Mteja aitume kama dokumenti, au alete simu uhamishe kwa waya. Skrinshoti kataa.

2. Gawanya kwa 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Pikseli 1600 kwa 1200 ukizigawa kwa 300 unapata inchi 5.3 kwa 4, yaani picha ya albamu tu. A4 inataka 3508 kwa 2480. Ukilazimisha ile ya 1600 ijaze A4, unabaki na pikseli kama 137 kwa inchi: nywele zinageuka ukungu, macho yanapoteza ncha. Kwa picha ya ukutani 200 inavumilika. Bango la barabarani, linalotazamwa kwa mbali, hata 72 hadi 100 linapendeza.

Sasa, ukifungua faili la simu ukakuta limeandikwa pikseli 72 kwa inchi, usishtuke. Namba hiyo ni maelezo tu ya jinsi ya kuzitandaza pikseli kwenye karatasi. Haisemi zipo ngapi. Kosa la mafundi wengi ni kufuta 72 na kuandika 300 huku kisanduku cha “Resample” cha Photoshop, programu ya kuhariri picha, kikiwa na tiki. Programu inabuni pikseli, upana wa 4000 unakuwa 16,667, kompyuta ya RAM ya GB 4 inaganda, na uso wa mtu haujaongezeka hata unywele mmoja. Toa tiki kwanza, ndipo uandike 300. Kwenye GIMP tumia “Print Size”, usiguse “Scale Image”. GIMP nayo ni programu ya kuhariri picha, ni ya bure na kwa kazi hii inatosha kabisa. Sioni haja ya Photoshop ya wizi iliyojaa virusi.

3. Kata mwenyewe. Simu nyingi hupiga 4 kwa 3, karatasi ya inchi 4 kwa 6 ni 3 kwa 2. Kwenye picha ya 4000 kwa 3000 lazima pikseli 333 za upande mfupi ziondoke. Ukiiachia printa, inaweza kuondoka na kilemba cha bibi harusi. Acha pia milimita 5 kila upande, maana mdomo wa fremu hufunika.

4. Rangi. Baki na sRGB, mfumo wa rangi wa simu na skrini. CMYK, mfumo wa wino wa rangi nne, ni ya kiwanda cha uchapaji, nacho kikiomba. Bluu kali ya Ziwa Tanganyika saa sita mchana itafifia kidogo kwenye karatasi. Kuikoleza kupita kiasi hugeuza ngozi za watu kuwa rangi ya machungwa. Ongeza mwanga kidogo, kisha printi kipande cha majaribio.

5. Printi. Hifadhi JPEG ya ubora wa juu mara moja tu. Chagua aina ya karatasi iliyomo kweli kwenye trei, ukubwa asilimia 100. Kwa fremu ya kioo napendelea karatasi isiyong’aa: ile ya kung’aa, msimu wa mvua ukija na unyevu, hunata kwenye kioo, na ukiibandua wino unabaki kiooni.