SOMO: Gari imelala mlimani, asubuhi geji inasema mafuta yamepungua. Usiseme umeibiwa kwanza

Wakuu habari za asubuhi. Hili somo ni la wote ila hasa sisi wa Mbeya, Tukuyu, Iringa, Njombe, maana nyumba zetu nyingi ziko mgongoni mwa vilima, gari inalala imeinua pua au imeinamia bondeni. Mimi nakaa chini ya Loleza na uwanja wangu umeinama. Siku moja niliingia jioni geji iko nusu, asubuhi nawasha swichi inasoma robo, nikamwita kijana anayelinda nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikikumbuka yananiuma, nimefika Mwanjelwa naangalia geji imerudi nusu yenyewe. Jioni nilimwomba radhi. Sitaki mwingine afanye vile.

Ndani ya tenki kuna boya, limefungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda boya linapanda, mkono unasugua kwenye kibao cha rezista (kinachobana umeme kidogo au zaidi kufuatana na mkono ulipo), na geji inasoma umeme unaopita pale. Yaani geji haihesabu lita kabisa, inajua tu boya liko juu kiasi gani. Chukua dumu la lita 5 la mafuta ya kula tia maji nusu halafu liinamishe, uone upande mmoja maji yamepanda na mwingine kitako kimebaki kikavu, na maji ni yaleyale. Boya la gari yako likiwa upande wa bondeni geji itazidisha, likiwa upande wa mlimani itapunguza.

Gari za zamani mshale unacheza hapohapo kwenye kona. Nyingi za siku hizi zina kompyuta inayosoma polepole ili mshale usichezecheze, na hapo ndo watu wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu ukiwasha swichi gari ikiwa imeinama inaweza kuchukua kipimo cha pale na kukishikilia, unaendesha dakika kadhaa tambarare bado inasoma uongo.

Sasa fanya hivi.

1. Kabla hujapanda kwako, simama sehemu tambarare, piga picha dashibodi kwa simu, geji na kilomita zionekane. Hii ndo picha ya kuamini.

2. Asubuhi usiamue kitu ukiwa bado umeinama. Toka, endesha dakika 10 hadi 20 barabara ya kawaida.

3. Bado haijarudi? Tafuta tambarare, zima, subiri dakika moja mafuta yatulie, washa swichi bila kupiga stata, angalia tena.

4. Ijue gari yako. Siku moja ipaki imeinua pua, andika inasoma nini, igeuze pua bondeni, andika. Mimi yangu ikiinua pua inapoteza karibu robo, nimebandika kikaratasi kwenye dashibodi na mke wangu anajua. Hata kupaki tairi mbili juu ya ukingo wa barabara kunabadilisha, sio mbele na nyuma tu.

5. Hii ndo muhimu kuliko zote. Jaza fulu tanki, rudisha tripu (kile kihesabu cha kilomita za safari kwenye dashibodi) sifuri, siku ukijaza tena fulu gawanya kilomita kwa lita ulizoweka. Umetembea 418, zimeingia lita 38, gari yako inakula lita 1 kwa kilomita 11. Kuanzia hapo hata geji ikifa unajua umebakiza nini.

Na tafadhali, mtu wa milimani asisubiri taa ya njano ya mafuta kuisha. Gari nyingi taa inategemea boya hilohilo, na pampu iliyo ndani ya tenki inapozwa na mafuta yenyewe, yakikimbilia upande mwingine inavuta hewa. Mimi robo ndo mwisho wangu, hasa nikiwa na safari ya kupanda Kitonga au ya Tukuyu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tukuyu: Mkuu si baridi hiyo? Huku mwezi wa 7 asubuhi kila kitu kinasinyaa.

Petroli inasinyaa kweli ila kidogo sana kaka. Lita 40 zikipoa kwa digrii 15 zinapungua kama nusu lita tu, haiwezi kukuondolea robo tenki.

Dada wa Ipogolo: Niliweka lita 3 sheli geji haikusogea hata kidogo, nimepunjwa?

Sio lazima dada yangu. Mafuta kidogo gari nyingine hazioneshi, hasa ukiweka injini inaunguruma au gari imeinama. Zima kabisa, weka ukiwa tambarare. Ukiona hata kwa hesabu ya fulu tanki bado lita hazikai sawa, peleka malalamiko Wakala wa Vipimo, wao ndo wanahakiki pampu za sheli.

Mdau wa Mafinga: Fundi anasema nibadilishe boya na pampu yote.

Ikisoma vizuri tambarare usitoe hela, hakuna kilichokufa. Ila kama hata tambarare mshale unaanguka ghafla ukipiga shimo, au umelala chini muda wote na tenki limejaa, hapo kibao kimelika, waya una kutu au boya limetoboka limeingia mafuta. Mwambie apime kwanza kwa mita ya umeme. Na akifungua tenki atoe waya wa betri, iwe nje penye upepo, mama ntilie na jiko lake wasiwe karibu.

Mdau wa Makambako: Yangu dizeli, ililala pua juu ina mafuta kidogo, asubuhi haiwaki. Niiachie ishuke mlima ili iwake?

Hapana kaka, usiiachie. Injini ikiwa imezima breki inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mzito, utaua mtu. Weka jiwe kwenye tairi, ongeza lita 10 kwa dumu, halafu bonyeza pampu ya mkono pale kwenye filta mpaka iwe ngumu ndo upige stata. Ikikataa, ita fundi aje atoe upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta, hapohapo ilipo.