Namna ya Kutambua Upungufu wa Virutubisho katika Mnyanya Uliopandwa Chunguni Ndani ya Nyumba

Majani ya mnyanya wa ndani yanapoanza kuwa manjano, wengi wetu hukimbilia mbolea, ilhali mara nyingi chanzo ni maji. Anza kwa kukinyanyua chungu. Kikiwa bado kizito siku kadhaa baada ya kumwagilia, na majani yamelegea, huenda mizizi inakosa hewa, na mizizi isiyopumua haiwezi kufyonza virutubisho hata vikiwa tele udongoni. Utoe mmea taratibu pamoja na udongo wake uitazame: mizizi mizima ni myeupe na imara, lakini iliyooza huwa ya kahawia, huteleza vidoleni na kutoa harufu mbaya. Mmea wa namna hiyo usiutie mbolea kabisa.

Mizizi ikiwa salama, angalia dalili zimeanzia wapi, kwani hapo ndipo penye jibu kubwa. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni virutubisho vinavyohama. Vikipungua, mmea huvitoa kwenye majani makuukuu na kuvipeleka kwenye machipukizi, hivyo majani ya chini huumia kwanza. Chuma na kalsiamu havihami kwa urahisi, kwa hiyo upungufu wake hujitokeza kwenye majani machanga au kwenye tunda.

Kata jani la chini, ulielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Likiwa limepauka lote pamoja na mishipa yake, shuku nitrojeni. Mishipa ikibaki ya kijani huku nafasi zilizo kati yake zimekuwa manjano, ni magnesiamu, na hapo kagua mbolea unayotumia, kwa sababu potasiamu ikizidi huzuia magnesiamu kufyonzwa. Kingo zilizoungua huashiria potasiamu haba. Rangi ya zambarau chini ya jani huashiria fosforasi, ingawa kwa miche michanga aghalabu ni baridi ya udongo tu.

Picha ileile ya mishipa ya kijani ikionekana kileleni, tatizo ni chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila pH, yaani kipimo cha uasidi wa udongo, imepanda kupita 7. Nyanya hustawi kati ya 6.0 na 6.8, basi pima kabla ya kununua chochote. Tunda linalooza kitako limekosa kalsiamu, na katika chungu sababu ya kawaida ni kumwagilia kwa kusuasua, leo ukame, kesho mafuriko.

Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka, mbolea imezidi: pitisha maji safi kwa wingi hadi yatiririke chini, kisha uyamwage yaliyotuama kwenye kisahani.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, usubiri siku 7 hadi 10, na upime mafanikio kwa majani mapya, maana jani lililokwisha kuwa manjano kwa kawaida halirudii ukijani wake.