Meza ya kahawa kwa wageni wa Krismasi

Tenga meza ndogo mbali na mlango wa jikoni, la sivyo wageni watapigana vikumbo na anayebeba sinia la pilau. Tandika leso nyekundu, panga vikombe, kisha weka thermosi mbili: stima ikipotea, kahawa haikatiki.

Kwa wageni kumi, pima gramu 120 za kahawa ya Nyeri au Kirinyaga kwa lita 2 za maji. Isagwe siku hiyohiyo, iwe chengachenga kama chumvi ya mawe. Ikiwa laini kama unga hupenya chujio, huacha tope chini ya kikombe na kuwa chungu kupita kiasi. Hapa Nairobi, kwa sababu tuko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo usiyaache yapoe. Mimina papo hapo. Koroga, funika dakika 4, chuja yote. Kuichemsha upya ni kuiharibu.

Suuza thermosi kwa maji moto kwanza. Iliyozoea chai ya maziwa usiitilie kahawa, maana harufu haitoki; hiyo itie maziwa.

Maziwa lita 1 yachemshe na kijiti cha mdalasini na iliki 4 zilizopondwa. Tangawizi mbichi ingoje mpaka maziwa yafure: ukiitia mapema, yanaweza kukatika.

Sukari ifunikwe, mahamri yakae kando.