Kumfundisha mgonjwa mpya wa kisukari: anza na yatakayomvusha usiku wa leo

Mtu aliyeambiwa leo kuwa ana kisukari hasikii hata nusu ya maneno yako. Anawaza kukatwa mguu, anawaza upofu. Usimmwagie somo zima. Mpe kwanza yatakayomfikisha salama hadi mtakapoonana tena.

Hatua ya 1: Muulize kwanza

"Umewahi kusikia nini kuhusu kisukari?" Jibu lake litakuonyesha pa kuanzia. Kisha mweleze kwa ufupi: insulini hutoka kwenye kongosho na huwezesha sukari ya kwenye damu kuingia kwenye seli. Katika aina ya 1 mwili umeacha kuitengeneza, au umebakiza kidogo sana. Katika aina ya 2 haitoshi au mwili hauiitikii vizuri. Yatosha. Michoro ya kongosho iache kwa wanafunzi.

Hatua ya 2: Apime sukari mwenyewe

Mkabidhi mashine, wewe weka mikono yako mapajani. Anawe kwa maji na sabuni, ajikaushe vizuri, maana kidole chenye majimaji ya tunda hutoa namba ya juu ya uongo. Atoboe ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako huuma kidogo kuliko katikati. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo kabla ya kula ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita. Mzee dhaifu hupangiwa lengo lililolegea zaidi, kwa hiyo mwandikie lake.

Hatua ya 3: Sukari ikishuka

Hapa usiwe na haraka. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, asitoke mlangoni bila kulijua hili. (Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha hivyo.)

Mtajie dalili: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, ukali usio na sababu. Mashine ikisoma chini ya 3.9, anywe gramu 15 za sukari: kijiko kikubwa kimoja kilichokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya juisi ya matunda. Asubiri dakika 15, apime tena. Ikiwa bado iko chini, arudie. Ikishapanda, ale chakula. Kama hana mashine karibu na dalili anazo, anywe tu. Wengi hukimbilia chokoleti, lakini mafuta yake huichelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Mwite na anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa akizimia hatakumbuka somo lako. Huyo ajue kwamba aliyepoteza fahamu hatiliwi kitu mdomoni: alazwe ubavu, awahishwe hospitali.

Hatua ya 4: Insulini, kama ameandikiwa

Ajaribu kwanza kuvuta kipimo chake kwa maji, kwenye bomba la mazoezi. Tumboni achome mbali kidogo na kitovu, na kila siku ahame. Anayerudia palepale huota uvimbe chini ya ngozi, na insulini ikiingia humo haifyonzwi inavyotakiwa. Akirudi kliniki, pitisha vidole vyako tumboni. Macho peke yake huukosa. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, zisigande kamwe. Na akiumwa akashindwa kula, asiache insulini kwa uamuzi wake. Apime mara nyingi zaidi na awasiliane nanyi mapema.

Hatua ya 5: Miguu

Aikague kila jioni, nyayo na katikati ya vidole. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa.

Hatua ya 6: Sasa yeye ndiye mwalimu

Usiulize "umeelewa?" Atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Mwambie: "Umeamka usiku, jasho linakutoka, mikono inatetemeka. Nionyeshe utakachofanya." Akikwama, rudia hatua hiyo moja.

Ukimpa tarehe ya kurudi, mwambie aje na mashine pamoja na daftari. Namba za wiki nzima zikiwa zimeandikwa kwa wino mmoja na mwandiko uleule usiotikisika, huenda zilijazwa kwenye foleni asubuhi hiyo. Usimsute. Fungua kumbukumbu ya mashine mbele yake, mzisome pamoja, umuulize ni saa ngapi za siku kupima humwia vigumu.