Belgrade na Hesabu ya Siku

Ukiishi Berlin au Amsterdam na kazi yako yote iko ndani ya laptopu, kuna mwisho wa mwezi utajiuliza pango unalolipa linakununulia nini hasa. Mimi nilijiuliza hivyo Novemba moja. Wateja wangu walikuwa Nairobi na London, na hakuna aliyejali nimekaa wapi. Nikaenda Belgrade, mji mkuu wa Serbia, miezi mitatu.

Watu hudhani uzuri wa Belgrade ni bei. Bei ni nafuu kweli, ingawa pango lilipanda sana baada ya 2022, Warusi walipomiminika. Kwa mwenye pasipoti zetu za Afrika Mashariki, uzuri wenyewe uko kwingine: Serbia haimo katika Umoja wa Ulaya wala Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, lakini inaheshimu karatasi za Schengen. Ukiwa na viza au kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, Uingereza au Marekani ambacho hakijaisha muda, unaingia bila viza na kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Anayetoka Dar au Kampala na pasipoti tupu lazima aombe viza. Warundi walikuwa na bahati yao: tangu 2018 waliingia bila viza, mpaka Serbia ilipofunga mlango huo mwaka 2022, baada ya Umoja wa Ulaya kulalamika kwamba wengi walikuwa wakipita kwenda nchi zake.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta nyumba, chukua kalenda. Una hesabu tatu, na hazisomani.

Ya kwanza ni hizo 90 za Serbia. Ya pili ni ya nchi iliyokupa kibali. Ujerumani, kwa mfano, ukitoka zaidi ya miezi 6 bila ruhusa, kibali cha kawaida kinakufa chenyewe. Hapatumwi barua ya onyo. Utajua siku unaporudi. Ya tatu ni ya kodi, nasema ya serikali, si ya nyumba: ukifikisha siku 183 ndani ya miezi 12, Serbia inakuhesabu mkaazi wake. Anayetaka kukaa zaidi kwa kawaida hufungua biashara ya mtu mmoja na kuomba kibali kinachounganisha ukaazi na kazi, ambacho tangu 2024 kinaombwa mtandaoni. Hapo usibanie pesa, lipa mhasibu wa huko.

Sasa nyumba. Tenga euro 500 hadi 700 kwa chumba kimoja cha kulala na sebule. Mitaa ya Vračar na Dorćol ndiko kila mgeni anakotaka, na bei inalijua hilo. Zvezdara, Voždovac na Zemun kuna nafuu. Pango hutajwa kwa euro, ingawa dukani unalipa dinari, takriban 117 kwa euro moja. Katika tangazo tafuta herufi CG: maana yake joto linatoka kwenye mtambo wa mji, kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Aprili, na halikuhusu wewe kuwasha wala kuzima. Ukiona TA, ni jiko kubwa la umeme linalohifadhi joto la usiku, na bili yake utaijua Januari. Januari hiyohiyo moshi wa makaa na kuni hutanda juu ya mji kiasi kwamba mwenye pumu namshauri aje Mei.

Swali ninalotaka umuulize mwenye nyumba kabla ya kutoa hata senti: atakuandikisha? Sheria inataka ukaazi wako uripotiwe polisi ndani ya saa 24, nawe upate karatasi iitwayo beli karton, yaani kadi nyeupe. Hoteli hufanya yenyewe. Wenye nyumba wengine hukwepa, maana wakikuandikisha mapato yao yanaonekana. Wangu wa kwanza alinichekea, akasema "kesho" siku nne mfululizo. Nikahama. Kwa ngozi yetu, kusimamishwa barabarani bila ile karatasi si jambo la kujaribu.

Kazi yenyewe haina shida. Intaneti ni ya kasi, na Nairobi iko mbele kwa saa mbili wakati wa baridi, saa moja wakati wa joto. Mkutano wa saa tatu asubuhi wa Nairobi unakukuta saa moja ukiwa na blanketi mabegani. Mikahawa hawakufukuzi hata ukinywa kikombe kimoja asubuhi nzima, ila huvuta sigara ndani. Koti lako litanuka. Mabasi na tramu za mji ni bure tangu Januari 2025. Treni ya chini ya ardhi hakuna.

Lugha inatisha kwa maandishi ya Kisirili, lakini sikiliza vizuri. Duka dogo wengine huliita dućan. Sanduku ni sanduk, saa ni sat, sabuni ni sapun, chai ni čaj, na kikombe kidogo cha kahawa ni fildžan, finjani yetu ileile. Sisi maneno haya tuliyapata kwa Waarabu na Waajemi, wao kwa Waturuki. Muuza mboga wa soko la Kalenić nilipomwambia hivyo aliniongezea konzi ya spinachi.

Na ugali? Wana wa kwao, kačamak, wanaula na jibini. Unga wa njano umejaa kila mahali. Mweupe uulize sokoni: belo kukuruzno brašno. Beba mwiko wako kutoka nyumbani, vijiko vyao vya mbao ni vyembamba mno.